Damu Inasema Nini Kuhusu Shingo?

Huenda uko Arlington hapa Texas unajiandaa kwa zamu ya usiku, au uko kusini-magharibi mwa Houston unasubiri foleni ya barabarani ipungue, au unatusikiliza kwa simu kutoka Dar es Salaam au Bukavu. Mazungumzo ya leo ni kuhusu vipimo viwili ambavyo hapa Marekani mara nyingi mtu huuziwa kwa pamoja. Cha kwanza ni ultrasaundi ya shingo, inayotazama kama mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo imeanza kubanwa na mafuta. Cha pili ni kipimo cha damu cha protini iitwayo CRP, kinachoonyesha kama mwilini mna inflamesheni, yaani ile hali ya askari wa kinga kuwa kazini muda wote hata pale ambapo hakuna kidonda wala homa inayoonekana. Makampuni ya upimaji hukodi kumbi za makanisa na vituo vya jamii, watu wakapanga foleni Jumamosi asubuhi, na kila mmoja akarudi nyumbani na karatasi yenye namba. Anayepata CRP ya juu huamini kwamba mishipa yake ya shingo imeziba. Aliyeambiwa shingo ni safi naye huona ameshaukwepa ugonjwa wa kiharusi. Wote wawili wamekosea, na ushahidi wa kosa lao umepatikana kwa sehemu kubwa katika majiji mawili ya Texas, Dallas na Houston.

Tuanze na hiyo protini yenyewe. Iligunduliwa mwaka 1930 katika Taasisi ya Rockefeller, New York, na Tillett na Francis, waliokuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa nimonia. Ini ndilo linaloitengeneza, kwa amri ya kemikali zinazotolewa na chembe za kinga, hasa ile iitwayo intalukini-6. Kwa miongo mingi madaktari waliitumia kujua kama mtu ana maambukizi makali. Baadaye vikaja vipimo vyenye uwezo wa kuona viwango vidogo sana, na mwaka 2003 wataalamu wa moyo wa Marekani wakaweka mipaka ambayo bado inatumika: chini ya miligramu 1 kwa lita, hatari ya chini, kati ya 1 na 3, ya wastani, juu ya 3, hatari kubwa zaidi. Ikipita 10, daktari makini hukwambia urudi baada ya wiki chache, kwa sababu huenda una mafua, jino bovu au kifua. CRP ni kama moshi unaouona juu ya mtaa: unajua kuna kinachoungua, lakini hujui ni jiko la nani. Huenda ni mafuta ya tumboni, fizi zinazotoa damu, sigara, baridi yabisi, au kweli ni magamba ya mafuta yaliyojishika kwenye kuta za mishipa ya damu.

Je, CRP inaweza kukuonyesha magamba hayo ni mengi kiasi gani? Swali hili liliulizwa Dallas, na likajibiwa vizuri kuliko mahali pengi. Kuanzia mwaka 2000 chuo cha tiba cha UT Southwestern kiliendesha Utafiti wa Moyo wa Dallas, uliochukua wakazi wa kawaida wa kaunti badala ya wagonjwa waliokwisha kulazwa, na ukahakikisha kwamba watu weusi wanawakilishwa kwa wingi. Wakapimwa damu, wakapigwa picha za mishipa ya moyo, wakapigwa pia picha za mshipa mkuu wa damu utokao moyoni. Mwaka 2006 Amit Khera na wenzake walitoa matokeo. Kwa mtazamo wa haraka, wenye CRP ya juu walikuwa na mafuta mengi zaidi mishipani. Lakini walipozingatia umri, presha, kisukari, sigara, unene, na matumizi ya homoni na dawa za kolesteroli, uhusiano huo ukayeyuka. Watafiti wakaandika wazi kwamba CRP ni kipimo dhaifu cha wingi wa mafuta mishipani. Ni kweli kwamba hawakupiga picha za shingo, na mtu anaweza kusema shingo ni jambo jingine. Lakini ugonjwa ni ule ule mmoja, unaotambaa katika mishipa mikubwa yote, na sioni sababu ya damu kulijua jambo la shingo ilhali hailijui la kifua.

Hapa msikilizaji mkali ataninyooshea kidole. Kama CRP haijui wingi wa mafuta, mbona watu wenye CRP ya juu wanapata kiharusi zaidi? Ni kweli, wanapata. Na ushahidi wake umeletwa na Houston. Christie Ballantyne wa Chuo cha Tiba cha Baylor, pamoja na wenzake, walichukua takwimu za utafiti mkubwa uitwao ARIC, ulioanza mwaka 1987 katika jamii nne za Marekani, wakafuatilia watu 12,762 wa makamo waliokuwa na afya njema kwa takriban miaka sita. Matokeo yao ya mwaka 2005 yalionyesha kwamba waliokuwa na CRP juu ya 3 walipata kiharusi cha kuziba kwa mishipa karibu mara mbili ya waliokuwa chini ya 1, hata baada ya kuzingatia mambo mengine ya hatari. Basi tuna mambo mawili yanayoonekana kugombana: Dallas inasema CRP haihesabu mafuta, Houston inasema CRP inatabiri kiharusi.

Hayagombani. Jibu lilikwishadokezwa karibu miaka kumi kabla, tena huko huko Houston, kwa jaribio ambalo nalipenda kwa urahisi wake. Mwaka 1996 Ward Casscells, James Willerson na wenzao walichapisha katika jarida la Lancet kazi waliyofanya juu ya vipande 50 vya mafuta vilivyotolewa shingoni mwa wagonjwa 48 waliofanyiwa upasuaji. Ndani ya dakika 15 baada ya kipande kutoka mwilini, walikigusa kwa sindano ndogo ya kupima joto. Katika baadhi ya vipande, ndani ya kipande kile kile, walikuta sehemu zenye ubaridi wa kawaida na sehemu zilizozidi kwa joto, tofauti ikianzia nyuzi 0.4 hadi 2.2 za Selsiasi. Walipoziangalia kwa hadubini wakakuta kwamba penye joto ndipo palipojaa chembe za kinga zilizokula mafuta, karibu na uso wa gamba. Kwa macho matupu huwezi kutofautisha la moto na la baridi. Mashine inayopima wembamba wa njia ya damu pia haiwezi, kwa kuwa gamba kubwa lililokauka na kujaa chokaa linaweza kuubana mshipa kwa miaka bila kupasuka, na gamba dogo lenye moto ndani likapasuka wiki hii, damu ikaganda juu yake, na kipande cha damu hiyo kikasafiri hadi kwenye ubongo.

Kwa hiyo viko vitu viwili: ukubwa wa tatizo, na ukali wake. Ultrasaundi inaona ukubwa. CRP inasikia ukali, tena kwa mbali, ikichanganya na kelele za mwili mzima. Hiyo ndiyo hoja yangu, na kutokana nayo naamini kuviuza vipimo hivi kama jozi, kimoja kikithibitisha kingine, ni kumpotosha mnunuzi.

Tuutazame sasa huo ukubwa, maana nao una historia ndefu Houston. Tarehe 7 Agosti 1953, daktari wa upasuaji Michael DeBakey alimfungua shingo dereva wa basi mwenye umri wa miaka 53, akatoa mafuta yaliyokuwa yakiuziba mshipa. Mgonjwa huyo alikuwa amekwishaonyesha dalili za kudhoofika upande mmoja wa mwili. Aliishi miaka 19 bila kiharusi kingine, na DeBakey alikuja kuripoti habari zake mwaka 1975. Mgonjwa mwenyewe alikufa mwaka 1972 kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo. Naomba tuushike ukweli huo wa mwisho. Shingo ilitengenezwa ikatengenezeka, lakini ugonjwa ulikuwa umeenea, ukapita njia nyingine. Majaribio makubwa yaliyofuata yalionyesha ni nani hasa anayefaidi upasuaji huo. Lile la Amerika Kaskazini la mwaka 1991 lilihusu watu waliokwishapata dalili na mishipa yao imebanwa kwa asilimia 70 au zaidi. Katika miaka miwili, waliopewa dawa tu walipata kiharusi cha upande wa mshipa uliobanwa kwa asilimia 26, na waliopasuliwa asilimia 9. Hiyo ni tofauti kubwa mno. Kwa wasio na dalili, jaribio la mwaka 1995 lilionyesha asilimia 11 kwa waliopewa dawa tu dhidi ya 5 kwa waliopasuliwa, kwa miaka mitano, na hiyo ilikuwa enzi ambayo dawa za kushusha kolesteroli zilikuwa bado hazijaenea.

Ndiyo maana jopo la taifa la Marekani linalotathmini huduma za kinga limesema mara tatu, mwaka 2007, 2014 na 2021, kwamba watu wazima wasio na dalili wasipimwe kubanwa kwa mishipa ya shingo. Watu wenye tatizo hilo kiasi cha kuhitaji hatua ni wachache, karibu mmoja kwa mia au pungufu, na kipimo kikipitishwa kwa umati, wengi wa wanaoambiwa wana tatizo watakuwa hawana. Watatumwa kupigwa picha zaidi, na baadhi watafanyiwa upasuaji ambao wenyewe unaweza kuleta kile kile kiharusi tunachokikimbia. Texas, ajabu, ilielekea kwingine. Sheria iliyoanza kutumika Septemba 2009 inazitaka bima za afya zilipie hadi dola 200 kila miaka mitano kwa picha ya chokaa katika mishipa ya moyo au ultrasaundi ya unene wa ukuta wa mshipa wa shingo, kwa wanaume wa miaka 45 hadi 75 na wanawake wa miaka 55 hadi 75, wenye kisukari au hatari ya wastani kwenda juu. Unene wa ukuta si sawa na wembamba wa njia. Na miaka minne baadaye vyama vya wataalamu wa moyo vikashauri kwamba unene huo usipimwe kwa kawaida katika kukadiria hatari. Sheria ikabaki. Tena inamfaa mwenye bima, katika jimbo linaloongoza nchi nzima kwa idadi ya wasio na bima.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mtu atasema: kama moto ndio hatari, tuuzime, tunywe dawa za kutuliza inflamesheni, na CRP itatuonyesha kama tumefaulu. Fikra ni nzuri, na imejaribiwa kwa gharama kubwa. Mwaka 2017 jaribio la CANTOS liliwapa dawa ya sindano iitwayo kanakinumabu watu 10,061 waliowahi kupata shambulio la moyo na wenye CRP ya 2 au zaidi. Dawa haikugusa kolesteroli hata kidogo, lakini dozi ya miligramu 150 ilipunguza mashambulio na vifo vya moyo na kiharusi, kwa jumla yake, kwa asilimia 15. Hapo ikathibitika kwamba inflamesheni si mpambe tu, ina mkono wake katika ugonjwa. Lakini maambukizi yenye kuua yaliongezeka kwa waliotumia dawa. Mwaka uliofuata ikajaribiwa methotreksati, dawa ya baridi yabisi, ikashindwa kabisa. Kolchisini, dawa ya kale ya jongo, ilileta matumaini kwa wagonjwa wa moyo mwaka 2019 na 2020, hata ikapewa kibali Marekani mwaka 2023. Ilipopelekwa kwa wagonjwa 3,154 waliowahi kupata kiharusi, matokeo ya mwaka 2024 hayakufikia kiwango cha kuthibitisha faida. Na hapo hapo ikumbukwe kwamba vidonge vya maumivu vya kila siku, ibuprofeni na dikilofenaki, ambavyo watu wetu hula kama njugu baada ya kubeba mizigo usiku kucha, hupunguza uvimbe wa goti huku vikiongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2005, ikalikaza mwaka 2015.

Kuna somo la ndani zaidi katika kushindwa huko. Ballantyne na wenzake hawakupima CRP peke yake. Walipima pia kimeng'enya kiitwacho Lp-PLA2, nacho kikatabiri kiharusi. Ikatengenezwa dawa ya kukizuia, darapladibu, ikajaribiwa kwa maelfu ya wagonjwa wa moyo, na mwaka 2014 majaribio mawili makubwa yakaonyesha kwamba haisaidii. Nayo CRP ilichunguzwa kwa njia ya urithi huko Copenhagen. Wako watu waliozaliwa na jeni zinazowapa CRP ya juu maisha yao yote. Kama CRP yenyewe ingekuwa inachoma mishipa, watu hao wangekufa mapema kwa moyo na kiharusi. Matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha hawapati zaidi ya wengine. Wale waliozaliwa na mlango dhaifu wa intalukini-6, iliyo juu ya CRP katika mnyororo, ndio wanaopata nafuu. Basi anayetafuta mitishamba ya kushusha CRP, na matangazo yake ni mengi, anafukuza namba iliyo kwenye karatasi.

Wapo wanaosema mbinu hii ya kutilia shaka inanyima watu nafasi. Wananikumbusha jaribio la JUPITER la mwaka 2008: watu 17,802 wenye kolesteroli isiyo ya juu lakini CRP ya 2 au zaidi walipewa rosuvastatini, mojawapo ya dawa za kushusha kolesteroli ziitwazo statini, au kidonge kitupu, na kiharusi kikapungua kwa karibu nusu. Nakubali, na hapa ndipo CRP inapopata heshima yake. Kwa mtu mwenye hatari ya katikati, ambaye daktari hajui kama aanze statini au la, CRP ya 2 au zaidi inayorudiwa kuwa ile ile baada ya wiki kadhaa inaweza kuegemeza uamuzi. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2018 imeitaja hivyo, na mwaka 2025 Chuo cha Wataalamu wa Moyo cha Marekani kimekwenda mbali zaidi, kikataka ipimwe kwa wote. Mimi sijafika huko. JUPITER haikuwachukua wenye CRP ya chini, kwa hiyo haituambii kwamba wao wasingefaidi statini vile vile.

Na kwetu sisi wenye asili ya Afrika kuna tahadhari ya pekee. Utafiti wa Dallas ulionyesha mwaka 2005 kwamba katika wakazi wa kawaida, CRP ya katikati kwa watu weusi ilikuwa 3.0 na kwa weupe 2.3, kwa wanawake 3.3 na kwa wanaume 1.8. Fikiri maana yake. Mpaka wa hatari kubwa umewekwa juu ya 3. Mwanamke wa Kikongo aliyehamia Fort Worth, au Mkenya anayehudumia wazee huko Grand Prairie, anaweza kuwekwa upande wa wenye hatari kwa sababu tu kipimo kimekutana na jinsia na uzito wake. Upande wa shingo mambo hugeuka. Kubanwa kwa mishipa ya shingo hupatikana kwa uchache zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika kuliko kwa wazungu, wakati mishipa iliyo ndani ya fuvu hubanwa zaidi, na ultrasaundi ya ukumbini haioni ndani ya fuvu. Kwa hiyo damu inaweza kumtisha bure, na shingo ikamtuliza bure. Kitu kinachoua watu wetu kwa kiharusi kinajulikana. Utafiti uliofanyika Tanzania, Hai na Dar es Salaam, kati ya mwaka 2003 na 2006, ulikuta Dar es Salaam na viharusi vipya takriban 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka baada ya kusawazisha umri, kiwango cha juu mno duniani, na presha isiyotibiwa ilikuwa mstari wa mbele. Mashine ya kupima presha ipo bure katika maduka mengi ya dawa hapa Texas. Asiye na bima anaweza kuomba mpango wa nafuu katika hospitali za umma, Parkland kwa Dallas, JPS kwa Fort Worth, Harris Health kwa Houston, akapata vidonge vya presha na statini vya bei ndogo.

Haya yote ni kwa asiye na dalili. Mkono ukifa ganzi ghafla, mdomo ukaenda upande, maneno yakapotea, au jicho moja likapata giza hata kwa dakika tano kisha likarudi, hapo mazungumzo ya CRP yamekwisha. Piga 911. Usilale kwanza uone kama itapita, maana ikipita ndiyo imekuonya. Hapo kutazama mishipa ya shingo ni lazima, na mshipa ukikutwa umebanwa kwa asilimia 70 au zaidi, upasuaji una faida ile kubwa niliyoitaja.

Kwa asiye na dalili ambaye tayari ameambiwa shingo yake imebanwa kwa asilimia 70 au zaidi, kuna habari mpya. Novemba 2025 yalitoka matokeo ya CREST-2, jaribio lililowapa wote dawa za kisasa kwa makini, kisha likawaongezea baadhi yao upasuaji au kimrija cha kupanua mshipa. Katika miaka minne, kimrija kilishusha matukio mabaya, hasa kiharusi, kutoka asilimia 6.0 hadi 2.8. Upasuaji ulishusha kutoka 5.3 hadi 3.7, tofauti ambayo kitakwimu haikuthibitika. Maana yake ni kwamba hata kwa dawa pekee, zaidi ya watu 90 katika 100 walipita miaka minne salama, na wachache wakafaidi kuongezewa kimrija. Washiriki hao walichaguliwa kwa kiasi cha kubanwa kwa mshipa, wala si kwa CRP. Kwa hiyo daktari au muuzaji yeyote akikwambia CRP yako ndiyo sababu ya kukupeleka kwenye meza ya upasuaji wa shingo, muulize ni jaribio gani lililomwonyesha hivyo, na usitie sahihi kabla hajakujibu.